Wageni wasio na karatasi: sisi tuliorudi tunasema nini?

Maneno yaliyosomwa kwa jina la komite mbele ya mkutano wa wanachama, Kamanyola, 20 Juni 2019, Siku ya Wakimbizi Duniani. Tunayachapa yote kwa ajili ya wanachama ambao hawakufika na kwa wafadhili wetu.



Kila mwaka siku hii tunasali, tunasoma hesabu ya sanduku, tunakula pamoja, halafu kila mtu anarudi kwake. Leo hesabu itasomwa baadaye. Kwanza tuko na neno ambalo si tamu, na komite imeona tusilifunike.

Munajua ile barua inayozunguka. Imepita ku soko, imepita ku makanisa, imepita kwa vijana wa moto. Inaomba serikali ifanye mambo mawili: ifunge mpaka, na iondoe Kamanyola kila mtu wa ng'ambo asiye na karatasi. Wenye kuibeba walikuja pia kwetu. Walisema: "Chama chenu kiko na watu wengi. Mukitia sahihi, wakubwa watasikia." Tulipokaa kuizungumza, komite yenyewe iligawanyika. Tulikaa mara tatu. Leo tunawaletea pale tulipofika, pamoja na sababu zake, na ninyi ndio mutakaopiga kura.

Tuanze kwa kuwapa haki yao wale wenye barua. Watu hawa si wabaya. Wanakaa mahali ambapo ukisimama kando ya Ruzizi unaona nchi tatu: hii yetu, Rwanda pale Bugarama, na nyuma ya mto Ruhwa, Burundi. Toka matata ya Burundi yalipoanza mwaka 2015, wenye bunduki wamepita katika bonde letu na kujificha katika milima yake, na wenye kuwafuata wamepita nyuma yao. Mtu aliyeibiwa ng'ombe usiku haulizi kwanza kama mwizi ni mkimbizi au ni nani. Na kijana wetu anayetafuta kibarua anaona mwenye shamba anamchukua Mrundi kwa bei ya chini. Hofu hiyo ni ya kweli na njaa hiyo ni ya kweli.

Sisi pia tunataka mpaka ulindwe. Mtu asisome maneno haya akasema chama kinataka mlango ukae wazi usiku na mchana bila mtu. Nyumba bila mlango si nyumba. Neno letu ni hili: mlango wa kweli ni ule wenye mtu anayekaa hapo, anayeuliza jina, anayeliandika na anayejua nani aliingia. Kumsaka mtu aliyekwisha kuingia, nyumba kwa nyumba, kwa kuwa hana karatasi, si kulinda mpaka. Na hapa kwetu, msako wa namna hiyo utatukamata sisi kwanza.

Kwa nini sisi? Angalieni mifuko yetu. Katika nchi hii karatasi ambayo kila mtu anaitumia kama kitambulisho ni karti ya uchaguzi. Karti hizo zilitolewa wakati wa kuandikisha watu kwa ajili ya uchaguzi wa Desemba 2018. Aliyerudi nyuma ya hapo hana. Watoto wetu waliozaliwa kambini wengi hawana cheti cha kuzaliwa cha Kongo. Wako na ile karatasi ya HCR ya kurudi, imekunjwa mara nyingi mpaka maandishi yamefutika.

Mama mmoja wa chama chetu alisimamishwa njiani mwaka huu, akiwa na mzigo wa mihogo. Hatutaji ni barieri gani. Aliulizwa: "Wewe ni wa wapi?" Akajibu: "Mimi ni mtu wa hapa hapa." Wakacheka. Amekaa Tanzania miaka mingi, na Kiswahili chake kimekuwa cha kule, anasema "nimeshafika" pale ambapo sisi wengine tunasema "nilishafika." Kwa neno moja tu akawa mgeni katika udongo aliozikwa baba yake. Alilipa, akapita. Sasa munataka tutie sahihi barua inayosema kila asiye na karatasi aondolewe? Nani atakaa ku barieri kutofautisha yule mama na Mrundi? Yule yule aliyecheka.

Wengine katika komite walijibu: "Hapana, kila mtu anatujua hapa, sisi ni wenyeji." Tukawakumbusha mambo mawili ambayo bonde hili lisingepaswa kusahau.

La kwanza ni Oktoba 1996. Kiongozi mmoja wa jimbo alitangaza kwamba Wanyamulenge wako na wiki moja waondoke. Waliitwa wageni, ijapokuwa wengi wao na baba zao walizaliwa katika milima hii. Vita vilikuwa vimekwisha kuanza kuwaka, na tangazo lile likawa kama mafuta juu ya moto. Wale waliokuwa wanapiga makofi siku ile, wiki chache nyuma yake walikuwa ku njia ya Fizi na vitanda juu ya kichwa, wakitafuta mtumbwi wa kwenda Kigoma. Wengi wenu muliomo humu mulikuwa katika njia ile. Msemaji wenu pia alikuwamo.

La pili ni Mutarule, usiku wa 6 Juni 2014. Zaidi ya watu 30 waliuawa, na wengine walikuwa wanasali. Nyuma ya damu ile kulikuwa na ugomvi wa muda mrefu: ng'ombe, mashamba, na nani ni mwenyeji, nani ni mgeni katika bonde la Ruzizi. Katika bonde hili neno "mgeni" limekwisha kuua wenyeji wa kila kabila. Hakuna kabila hapa linaloweza kusema halitaitwa hivyo kesho.

Halafu iko ile siku ambayo hapa Kamanyola tunaisema kwa sauti ya chini. Warundi waliokimbia nchi yao walikuwa wanakaa kati yetu toka 2015, karibu sana na mpaka. Tarehe 15 Septemba 2017 wenzao wanne walikuwa wamekamatwa, na wao wakaenda kudai waachiliwe, kwa kuogopa watarudishwa Burundi kwa nguvu. Risasi zilipigwa. Zaidi ya wakimbizi 30 walikufa, na zaidi ya 100 walipata vidonda. Askari mmoja pia alikufa. Dunia nzima ilisikia jina la mji wetu wiki ile, na haikulisikia kwa uzuri.

Waliobaki walikataa kuandikishwa kwa alama za vidole, kwa kuwa imani yao haikuwaruhusu. Machi 2018 zaidi ya 2,000 walivuka mto wakaingia Rwanda kupitia Bugarama. Huko nako waliombwa kuandikishwa, wakakataa, na mwanzo wa Aprili wengi wakarudi katika nchi ileile waliyoikimbia.

Tumejifunza nini? Tunasema pande zote mbili. Mkimbizi anayekataa kuandikwa anajitoa mwenyewe nje ya ulinzi, na sisi tuliowahi kukaa kambini tulipaswa kuwaambia hivyo, kwa upole, wakati ule. Hatukuwaambia. Tuliwatazama tu. Na mahali ambapo swali la karatasi linajibiwa na bunduki, maiti ndizo zinazohesabiwa.

Sheria za kuzuia mambo haya ziko. Mkataba wa OUA wa 1969, ambao Kongo imeukubali, unasema kumpokea mkimbizi ni tendo la amani, nchi alikotoka isilihesabu kuwa uadui. Unasema asifukuzwe pale mpakani arudi ku hatari. Unasema pia, kwa ajili ya usalama, akae mbali kiasi na mpaka wa nchi yake. Mkataba wa Geneva wa 1951 nao unasema mtu aliyekimbia moja kwa moja kutoka ku hatari asiadhibiwe kwa kuingia bila kibali, mradi ajionyeshe haraka kwa wakubwa na aeleze sababu yake. Na Kongo iko na sheria yake yenyewe juu ya wakimbizi, ya 16 Oktoba 2002, iliyounda komisheni ya taifa, ile tunayoiita CNR.

Hilo neno la kukaa mbali na mpaka si la vitabu tu. Wanachama wetu Wanyamulenge waliokimbilia Burundi mwaka 2004 wanalijua. Usiku wa 13 Agosti mwaka ule, zaidi ya wakimbizi 150 waliuawa katika kambi ya Gatumba, hatua chache tu kutoka Kongo. Walikuwa wamevuka mpaka, lakini hawakupelekwa mbali nao. Kwa hiyo tunaposema mpaka ulindwe, tunasema pia: aliyevuka kwa kukimbia aandikwe, kisha apelekwe mahali salama, kama Lusenda kule Fizi, asiachwe ku ukingo wa mto miaka miwili.

Sasa tuseme juu ya maneno "mhamiaji haramu." Radio zinayasema kila siku, kutoka Ulaya mpaka Marekani, na sisi tunasikiliza kama vile ni habari ya watu wengine. Mumesahau? Wengi kati yetu tuliokimbia vita vya 1996 na 1998 tulivuka ziwa. Nyarugusu ilitupokea, na hatutaacha kushukuru. Lakini munakumbuka sheria ya pale. Ukipita kilomita 4 kutoka kambini bila kibali, wewe si mkimbizi tena machoni pa polisi. Na tulipita. Unga wa posho ulikuwa unaisha mbele ya siku ya kugawa, na mtoto anataka daftari. Tulitoka alfajiri tukaenda kulima kwa Waha. Kikundi kimoja chetu kililima siku sita. Siku ya malipo mwenye shamba akawaangalia, akasema: "Mnataka hela? Ngojeni niwaite polisi kwanza." Walirudi kambini na majembe mabegani, mikono mitupu.

Tunaikumbuka hadithi hiyo kwa hasira. Na sasa tunawaomba mukae vizuri ku viti, maana tunakuja ku aibu yetu. Msimu uliopita wa mpunga, mwanachama wa chama hiki aliwachukua Warundi wawili, mtu na mdogo wake. Walitifua, walipanda, walipalilia, walivuna. Siku ya kuhesabu pesa aliwaambia: "Karatasi zenu ziko wapi? Nendeni mukashitaki." Jina lake hatulitaji. Anajijua, yuko hapa, na tunamshukuru kwa sababu alikubali kosa mbele ya komite na amekwisha kulipa nusu. Lakini mtu yule alilima Nyarugusu zile siku sita.

Wenye barua wanasema Warundi wanashusha bei ya kibarua. Tumefikiri sana juu ya neno hilo, kwa kuwa ni zito. Sisi tunaona kinachoshusha bei ni woga. Mtu anayeweza kufukuzwa kesho anakubali chochote leo, na mwenye shamba anajua hivyo. Mukimwondoa huyu, mwingine atavuka usiku, mwenye woga zaidi, na bei itashuka tena. Lakini mtu aliyeandikwa, mwenye karatasi ya mkimbizi au lesepase ya CEPGL, anaweza kwenda kwa chefu kudai malipo yake. Huyo hawezi kutumiwa kumkatia kijana wetu bei. Karatasi ya mgeni inalinda mfuko wa mwenyeji.

Kuhusu kufunga mpaka, ninyi mama wa soko munajua kuliko komite. Nchi hizi tatu ziliunda CEPGL mwaka 1976 ili watu na mali zipite. Nyanya, mchele, samaki, sabuni, vyote vinavuka. Ukifunga pale penye ofisi, mto hautafungwa. Utabaki na vivuko vya usiku, na kule hakuna anayeandika jina, ila kuna anayedai pesa.

Na mwaka huu tuko na sababu nyingine kubwa. Ebola iko Kivu ya Kaskazini toka Agosti 2018, na zaidi ya watu 2,000 wamekwisha kuipata. Sisi hapa Kivu ya Kusini bado tunanawa mikono na kupimwa joto ku mpaka, na tunaomba Mungu. Wiki iliyopita ugonjwa uliingia Uganda. Uliingiaje? Familia iliyotoka kumzika mtu wao huku Kongo ilipita njia ya pori, pale ambapo hakuna ndoo ya maji wala mtu wa kupima. OMS inashauri nchi zisifunge mipaka, kwa sababu hiyo hiyo: ukifunga mlango wenye ndoo, watu watapita dirisha lisilo na ndoo.

Kuna neno la mwisho kabla ya mapendekezo. Oktoba 2018, Wakongomani zaidi ya 300,000 walitoka Angola kwa wiki chache tu, wakaingia Kasai na vitu vichache mkononi. Kule waliitwa haramu. Sisi wote tulikasirika, tulisema watu wetu wametendewa kama takataka. Hasira ile ilikuwa ya haki. Lakini haki haina upande wa mto. Majirani wetu Watanzania nao wametuonyesha njia zote mbili. Mwaka 2013 walifanya Operesheni Kimbunga kuondoa wahamiaji haramu, na watu waliokaa kule miaka mingi walijikuta ng'ambo, Rwanda na Burundi, bila nyumba. Lakini nchi hiyo hiyo iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa ukimbizi wa 1972. Hao leo wanalima na wanalipa kodi, na hakuna wa kuwauliza usiku wametoka wapi. Ni serikali ile ile. Kilichobadilika ni kama iliamua kuwaandika au kuwafukuza.

Kwa hiyo komite inaleta mapendekezo manne.

Moja. Chama kisitie sahihi ile barua. Kiandike yake, kwa heshima, kiombe mpaka unaofanya kazi: bei ya kila karatasi iandikwe ku ukuta kila mtu aione, anayelipa apewe risiti, mama apekuliwe na mama, na saa za kufungua na kufunga zijulikane.

Mbili. Mwanachama anayelaza au kuajiri mtu wa ng'ambo amjulishe chefu ndani ya siku 7. Kama mtu huyo amekimbia, chama kimpe nauli afike kwa CNR aandikwe. Wako wanaoogopa kwamba kumtaja mtu ni kumuuza, na tunawaelewa. Ndiyo sababu tunasema wanachama wawili wamsindikize mpaka mwisho, na chama kisiweke orodha yoyote ya majina yao.

Tatu. Mwanachama atakayemnyima mtu malipo kwa kisingizio cha karatasi asikopeshwe ku sanduku mwaka mzima.

Nne. Tusafishe kwanza nyumba yetu. Mtoto akizaliwa, aandikishwe ndani ya siku 90 kama sheria inavyotaka. Waliopita muda huo wanahitaji hukumu ya tribinali, na hukumu inataka safari na gharama ambazo mjane hawezi kuzibeba peke yake. Tunaomba sehemu ya mchango wa kila mwezi iende huko, kwa mpangilio: yatima kwanza, kisha watoto wanaokaribia mtihani wa mwisho wa shule ya msingi.

Kwa ninyi wafadhili wetu mutakaosoma haya: mumezoea kutuuliza tujenge nini. Mwaka huu hatuombi tofali. Tunaomba karatasi. Mbuzi muliyotupa inaweza kuibiwa na nyumba inaweza kuchomwa, tumeyaona yote mawili. Lakini mtoto mwenye cheti cha kuzaliwa, hata akikimbia kesho, na Mungu apishe mbali, atavuka akiwa na jina lake na atarudi akiwa nalo.

Wenzetu, hatusemi mumpende kila anayevuka Ruzizi. Wengine wanavuka kwa ubaya, na hao wakamatwe kwa ubaya wao. Tunasema tu kwamba mtu aulizwe amefanya nini na amekimbia nini, kabla ya kuulizwa mfuko wake uko na karatasi gani. Hivyo ndivyo tulivyotaka tuulizwe sisi, siku tulipofika ng'ambo na nguo zilizolowa maji.

Sasa tupige kura.

Nyongeza ya wahariri: Wanachama walikubali pendekezo la kwanza, la pili na la nne. La tatu lilileta maneno mengi na limerudishwa ku komite mpaka mkutano ujao. Siku tatu baadaye, wale Warundi wawili walilipwa nusu iliyokuwa imebaki.